Aliyesogeza Mshale

Mshale ulikuwa kwenye nyekundu tena, na Elinipa alikuwa ameuacha kwenye njano nusu saa tu iliyopita.

Alitukana kimoyomoyo. Kila siku saa sita mchana alipanda mlimani kwenye vifaa vyake kupima upepo, joto na unyevu wa hewa, akahesabu na siku tangu mvua ya mwisho. Kisha alishuka kusogeza mshale kwenye kibao cha hatari ya moto, langoni mwa msitu, juu ya Ngaramtoni. Kijani, ingieni. Njano, ingieni bila kiberiti. Nyekundu, haingii mtu.

Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hii. Akina mama walirudi bila kuni wala majani ya ng'ombe, wakalalamika mpaka kwa bosi. Bosi hakuzunguka: ikitokea tena, Elinipa atafute kazi kwingine. Kumwonea jamani! Tangu ule moto wa mwaka juzi hakuwa amekosa kupima hata siku moja.

Nani anafaidika msitu ukifungwa? Hapo hakuhitaji kuumiza kichwa. Mama Sia, mjane wa pale chini, alikuwa akiuza kuni za miti ya shambani kwake. Msitu ukifungwa, wote wanamkimbilia yeye. Na yale macho yake! Kila akipita langoni alimkodolea Elinipa.

Kesho yake Elinipa alipima, akaweka njano, akajibanza nyuma ya kibanda na simu mkononi.

Hakusubiri sana. Mama Sia alikuja peke yake. Aliinama, akang'oa nyasi, akazifikicha kiganjani, akazipeperusha na kutazama zinakoelekea. Anajifanya mtaalamu, Elinipa aliwaza. Kisha yule mama akaushika mshale, akausukuma mpaka nyekundu.

Elinipa akapiga picha.

"Shikamoo, Mama Sia," alisema akijitokeza, furaha imemjaa. "Leo nimekukamata. Hii inakwenda kwa bosi sasa hivi."

"Marahaba, baba. Mpelekee." Hakushtuka, wala mshale hakuuachia.

"Biashara ya kuni imekunogea, eti?"

"Nyasi zimekauka, mwanangu. Ziguse uone."

"Kupima ni kazi yangu, siyo yako!"

Mama Sia alikung'uta viganja vyake kwenye kanga, taratibu, halafu akamtazama.

"Siku ya ule moto, Baba Sia anaungua huko juu, mshale ulikuwa kwenye kijani," alisema. "Na saa sita ile mimi nilikuwa sokoni Ngaramtoni nauza ndizi. Na wewe nilikuona, hatua mbili kutoka kwangu, unachagua viatu."