Sahihi ya Jerko

Bisibisi ilizama ubaoni hadi kwenye mpini, kama imechoma mkate uliolowa.

Juzi Jerko aliipaka rangi mashua ya babu yake hapo nchi kavu, akaipiga picha, akatia sahihi kwenye fomu ya bima kwamba ni nzima. Watu wa bima hawakuleta mkaguzi, naye hakuthubutu kuikagua mpaka leo.

"Jerko mwanangu," padri aliita nyuma yake, "wenzako wote hawana bima. Kwenye maandamano ya kesho baharini, sanamu ya Bikira Maria itapanda kwako, pamoja na watoto wa kwaya."

"Wangapi, Padri?"

"Kumi na wanane. Mbona umekauka?"

Bisibisi ilipochomoka, maji ya kahawia yalianza kudondoka tunduni. Jerko alisogea akaliziba kwa mgongo.

"Ni heshima kubwa, Padri."