Mkono Ulioachia Kamba

Kilele kilikuwa kimebaki umbali wa mkono mmoja pale Mwanaidi alipohisi kamba ikilegea kiunoni. Akatazama chini ya jabali. Mkanga, mwenzake aliyemshikia kamba, alikuwa ameinua simu kwa mkono ule ule usiopaswa kuiachia kamba kamwe.

"Mkanga! Shika kamba!"

"Tulia, dada, picha moja tu. Leo umekuwa mjusi kweli!"

"Usiitume! Mji mzima umefungiwa ndani kwa maradhi, na mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha wapandaji niliyewakataza wenzetu kupanda."

"Ishakwenda mtandaoni. Tena watu wameanza kuipenda..." Mkanga akaisogeza simu karibu na macho. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imenywea. "Mama yako ameandika."

Mama yake alikuwa muuguzi. Tangu wodi zijae hakuwa amerudi nyumbani.

"Soma."

"Anauliza: 'Ukianguka, mwanangu, nimwondoe nani kitandani nikulaze wewe?'"

Kamba ikakazwa. Mwanaidi alikitazama kilele kwa kitambo. Kisha akaushusha mguu mmoja taratibu, akipapasa chini yake ukingo asioweza kuuona.