Kikombe cha Kulia

Mzee Mbaruku alirusha picha zake kumi na mbili kwa mpigo kwenye kundi la wapiga picha mtandaoni, akaandika, "Naomba maoni." Siku tatu kimya, kama aliyesemesha ukuta. Ya nne, binti mmoja aitwaye Tunu akamjibu: "Shikamoo mzee. Hizi ni nyingi mno. Weka moja tu, useme unataka tukuangalizie nini."

Akaweka ile ya meza yake ya asubuhi, akauliza kama mwanga wa dirishani unatosha.

"Mwanga safi kabisa," Tunu aliandika. "Ila kikombe cha kulia hakina kazi, kinavuta jicho bure. Kikate."

Mzee akausogeza ukingo wa picha kwa kidole mpaka kikombe kikatoweka. Picha ikapendeza kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Akakirudisha. Akafuta swali la mwanga, akaandika polepole: "Mwanangu, kikombe hicho, kwa macho yako, kinaonekana kina mwenyewe?"

Akaketi kungoja jibu. Mezani, chai ya mkewe, aliyoimimina kama kila asubuhi tangu amzike, ilikuwa bado inafuka mvuke.