Jogoo Aliyemwita Mgeni

Tegeni sikio; kisa chenyewe ni kifupi kama mkia wa kuku aliyenyeshewa.

Uani kwa Mama Zawena palikuwa na Jogoo mwenye majivuno na Tetea mzee mwenye mdomo. Tetea alikuwa ameacha kutaga, lakini kumkejeli Jogoo hakuacha.

Siku moja Mama Zawena alisema, "Huyu asiyetaga, mgeni wa kwanza akija namtia chunguni."

Jogoo alifurahi kupita kiasi. Binadamu husema jogoo akiwika mlangoni, mgeni yuko njiani. Basi akapanda kizingitini, akawika mpaka sauti ikamkauka.

"Bwana mkubwa, unamwita nani?" Tetea akauliza.

"Namwita wa kukula wewe, bibi kizee!"

"Nyama yangu ngumu. Atang'oka meno."

"Meno ni yake, si yangu!"

Haukupita muda, mgeni akabisha hodi kweli. Alikuwa mkwe, mume mpya wa Zawena, anakuja ukweni kwa mara ya kwanza. Mama Zawena akatoka na kisu, akampita Tetea kama hamwoni, akamkamata Jogoo mabawa.

"Umekosea, mama! Asiyetaga ni yule!"

"Hajakosea," Tetea akasema. "Mkwe huchinjiwa jogoo. Kumpa jike ni kumtukana. Na wewe, baba, umetaga lini?"

Baada ya chakula mkwe akasifu firigisi, akaahidi kurudi. Tetea alikuwa chini ya meza akidonoa wali.

"Karibu tena, mkwe," akasema. "Ila safari nyingine ujijie mwenyewe, maana wa kukuita umeshamla."