Tuzo Iliyobaki Nyumbani

Siku hizi tuzo haikai kwa aliyeshinda. Mshindi huishika mikononi, nayo hutaja jina la mtu ambaye bila yeye kazi ile isingekuwepo, kisha hupelekwa nyumbani kwa mtu huyo. Ndiyo maana kabati la mama ni tupu. Tuzo zake tatu za uigizaji ziko kwa fundi aliyemshonea maleba, na mbili za uongozaji ziko kwa mpiga picha wake. Kila Idi tunazungukia nyumba hizo, tunakula pilau, tunazipangusa tuzo vumbi. Nashukuru. Zimetupa ndugu wengi.

Leo asubuhi mjumbe alileta ya sita, ya uongozaji wa filamu yake ya mwisho. Niliogopa itakachosema. Mwaka mzima mama alikuwa anasahau. Katika kila onyesho nilisimama nyuma yake nikimnong'oneza cha kuwaambia waigizaji, na lilipokwisha nilimgusa begani ndipo aseme, "Kata!" Sikumwambia mtu.

Mama akaishika.

"Mwanaisha," tuzo ilisema.

Mjumbe alinigeukia. "Kumbe ni wewe! Ulifanya nini, dada?"

"Nilimshikia mkoba tu."

"Mwongo huyo!" Mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Asante, mwanangu. Angalau moja itabaki nyumbani."

Akaanza kunipigia makofi. Mjumbe naye akapiga, akaacha, akaaga, akaondoka. Mama aliendelea kupiga, akitabasamu vilevile, mpaka viganja vikawa vyekundu.

Nilimgusa begani.

"Kata," alisema, akashusha mikono.