Bamba Jembamba

Sheria ilimpa aliyefiwa haki ya kuchagua kila kifaa cha usalama katika gari la aliyemuua mtu wake. Ndiyo maana Nakiru aliitwa gereji siku ambayo Lopeyok, dereva aliyemgonga na kumuua binti yake, alihitaji bamba jipya la kukinga injini kwa chini.

"Hili la chuma linahimili mawe ya njia ya Loiyangalani," fundi alisema. "Hili la alumini ni jembamba. Jiwe likilitoboa, oili yote itamwagika, naye atakwama jangwani."

Nakiru aligusa la alumini. "Mfungie hili."

Lopeyok aliinamisha kichwa. "Asante, mama."

Sheria ilimtaka pia Lopeyok ampigie Nakiru simu kila jioni akifika salama, na Nakiru akazoea kutokula kabla simu haijalia. Jioni ya nne ya safari ugali ulipoa mezani, giza likaingia bila simu kulia, naye akajikuta anatabasamu peke yake.

Kisha simu ikalia. "Nimefika, mama. Leo mawe yamegonga sana chini."

"Umepitia njia ipi?"

Akamweleza.

"Basi kesho pitia hiyo hiyo," Nakiru alisema, akauvuta ugali karibu, akaanza kula.