Breki za Mwalimu Onyancha

Breki zilikuwa nzima.

Nyamongo alitoka chini ya gari, akafuta mikono, kisha akaingia tena kuhakikisha. Lainingi zilikuwa mpya. Paipu hazikuwa na ufa. Kila nati ilikuwa imekazwa barabara, na mafuta ya breki yalikuwa bado yamejaa, ingawa gari lenyewe lilikuwa limebingirika hadi mtoni. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikaa kwenye nyasi, nyuma ya jiko la mama yake pale Nyamarambe, akatamani angezikuta zimekatika.

Alikuwa dereva wa lori la ndizi la tajiri mmoja wa Ogembo, kijana ambaye hajaoa, na hii Peugeot ilikuwa gari lake la kwanza. Aliuziwa kama spea tu. Paa lilikuwa limebonyea, kioo cha mbele hakikuwepo, na ndugu wa marehemu waliomuuzia walimwambia atoe injini, mabati yaliyobaki awape wafua vyuma. Lakini siku injini ilipokohoa na kuunguruma, Nyamongo aliapa kwamba gari lile litarudi barabarani. Tangu hapo, kila alipopata nafasi alikuwa chini yake.

Lilikuwa la Mwalimu Onyancha wa Nyamira, mzee wa kanisa la Sabato, aliyefia ndani yake mvua za mwaka wa sabini na moja. Watu walisema mengi. Walisema yule aliyewakataza wenzake hata chai ya majani alikuwa akinywa chang'aa kwa siri, na kwamba siku ile alikuwa amelewa chakari. Nyamongo aliyasikia hayo sokoni Suneka. Baba yake mwenyewe alikufa mlevi, kwenye mtaro, na aliona jinsi mama yake alivyoacha kwenda sokoni kwa kuyaogopa macho ya watu.

Sasa mjane wa mwalimu alikuwa ametuma neno: breki zikaguliwe vizuri, atakuja mwenyewe kusikia.

Alikuja asubuhi, amevaa viatu vya kanisani vilivyojaa tope. Jina lake lilikuwa Drusilla. Alikuwa mwembamba, na gauni lilimpwaya kama la kuazima.

"Bwakire, mwanangu," alimsalimu.

"Bwakire, mama. Karibu uketi."

Hakuketi. Uji alioletewa hakuugusa. Alilizunguka gari polepole, akasimama penye mlango wa dereva, mkono wake ukielea karibu na usukani bila kuushika.

"Umeziangalia?"

"Nimeziangalia, mama."

"Basi niambie ukweli. Usinionee haya."

Nyamongo alimtazama. Akamwona mama yake mwenyewe, miaka ile, amejifungia ndani siku ya soko. Hakufikiri tena. Aliingia kibandani alimoweka takataka za lori, akatoka na kipande cha paipu kilicholiwa na kutu, kimekatika katikati. Akakiweka kiganjani mwa mjane.

"Zilikatika, mama. Hii hapa. Hata angekuwa nani, asingeweza kulisimamisha gari hili. Mtu asikudanganye kwamba mwalimu alikuwa amelewa. Hakuwa na kosa lolote."

Alingoja ashukuru, au alie yale machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Drusilla alikitazama kile chuma. Kisha akaketi kwenye nyasi zenye umande.

"Najua hakuwa amelewa," alisema. "Niliagana naye akiwasha gari. Pombe hakuionja maisha yake yote. Maneno ya watu hayajawahi kuninyima usingizi."

"Basi, mama, ulitaka..."

"Breki hizi alizifunga mwanangu Mogaka. Siku moja kabla, pale uani kwetu. Baba zake wadogo wakasema amemuua baba yake. Nami nikasema nao. Nilimwambia mbele ya kaburi asinione tena. Sasa anachuma chai huko Kericho, na kila mtu anayetoka kule ananiletea neno lake: 'Mama, naapa nilizikaza vizuri.'" Alivuta pumzi. "Nikasema nitakwenda kwa mtu asiye wa ukoo wetu, nimuulize. Kama ungeniambia zilikuwa nzima, leo hii ningeshika njia ya Kericho nikamrudishe nyumbani."

Nyamongo alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nimekudanganya! Hiyo paipu ni ya lori. Breki zilikuwa nzima, zote! Njoo uone kwa macho yako!"

Alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye gurudumu lililofunguliwa. Alilala kifudifudi kwenye tope, akagonga nati moja baada ya nyingine kwa spana, akamwonyesha lainingi, akamwonyesha mafuta. Drusilla aliinama, akatazama palipoonyeshwa.

"Ni mpya," alisema kwa upole. "Umetia nyingine."

"Sikutia kitu, mama. Mwanao ndiye aliyezifunga hivi. Naapa kwa Mungu!"

Mjane alikifunga kile chuma chenye kutu kwenye leso, akakitia mkobani. Akajikung'uta nyasi, akamwekea Nyamongo mkono kichwani.

"Mama yako amezaa mtu mwenye huruma," alisema, akageuka kuifuata njia ya kwao. "Lakini usiape uongo kwa ajili yangu."